Ubao Ulioimbia Mishale Iliyokosa

Mshale wa Nidup ulipita juu ya shabaha kwa kimo cha mtu mzima, ukaenda kujichomeka kwenye tuta la viazi. Na ubao wa Chimi ukaimba.

Uliimba, jamani! Taa ziliwaka nyekundu na manjano, na spika ikapasuka kwa wimbo wa ushindi, uleule ambao wanaume wa bonde la Paro huuimba mwenzao anapopiga shabaha. Nidup, mtu ambaye majivuno yake hayajawahi kuhitaji kuchochewa, akainua mguu, akazunguka, akatoa kitambaa cha rangi na kukichomeka mkandani kama afanyavyo aliyepata. Upande wa pili wa uwanja, karibu na shabaha, wenzake wa timu ya Juu walisimama kimya wakimtazama kama mtu anayecheza ngoma msibani.

"We Nidup, unacheza nini?" Tandin akapaza sauti kutoka kule kwenye shabaha. Tandin alikuwa mpiga upinde wa timu ya Chini, na tena ndiye mshirika wa Chimi katika kazi ya ule ubao. Yeye alishughulika na waya na taa, Chimi akaandika programu.

"Huusikii ubao? Nimepata!"

"Umepata viazi! Kawaambie wenzako waje na sufuria!"

Watu wakaangua kicheko. Chimi hakucheka.

Ujue siku ile ilikuwa imebeba nini. Chimi alikuwa na tiketi ya kwenda Perth, kule Australia. Nusu ya aliosoma nao walikwisha kwenda, wengine wanaosha vyombo, wengine wanatunza wazee wa watu, na kila picha wanayotuma ina bahari nyuma yake. Wakala alikuwa amemshikia kiti mpaka saa kumi na moja jioni ya siku ileile. Akithibitisha, anaondoka, asipothibitisha, kiti kinapewa mwingine. Na Chimi hakutaka kwenda. Alitaka abaki Paro, atengeneze vitu vya kutumiwa na watu anaowajua kwa majina. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa, lakini wahenga hawakuwahi kutafuta kazi wakiwa na shahada ya kompyuta. Mtu mmoja tu ndiye aliyempa mwanya: Mzee Gembo, mwenyekiti wa kamati ya upinde ya bonde zima.

"Ubao wako ukimaliza mchezo wa mwaka mpya bila kututia aibu," alimwambia, "kamati inakuajiri, uweke ubao kama huu kila uwanja. Ukitutia aibu, binti yangu, safari njema."

Sasa hata chakula cha mchana hakijaliwa, aibu hiyo hapo, inaimba.

Na ubao wenyewe watu walikuwa wanauhitaji kweli. Kutoka anaposimama mpiga upinde hadi kwenye shabaha ni mbali, hata mwenye macho ya mwewe haoni mshale wake umetua wapi. Humtegemea mwenzake wa upande wa pili. Wakicheza kule, umepata. Wakinyamaza, meza mate. Chimi aliweka kifaa cha vitufe karibu na shabaha, akakaa nacho mwamuzi, mwalimu mmoja mpole wa shule ya msingi. Mwamuzi hubonyeza tatu kwa mshale wa katikati kabisa, mbili kwa uliogusa shabaha, moja kwa uliotua karibu nayo, ndani ya kipimo cha mwamuzi, na sifuri kwa uliokosa. Ubao unapokea, unajumlisha, unawasha taa, unaimba. Basi.

Mshale uliofuata ulikosa, ubao ukaimba. Uliofuata huo ukapata, ubao ukaimba, lakini nani angeuamini tena? Wanawake wa timu ya Juu, ambao kazi yao uwanjani ni kuimba na kuwachokoza wapigaji wa upande mwingine, walikwisha kupata wimbo mpya: "Debe tupu la Chini haliachi kuvuma!" Mama yake Chimi alisimama katikati ya wanawake wa Chini akiwajibu, na ulimi wake si wa kuchezea, ila jicho moja alikuwa amemwachia binti yake.

Mzee Gembo akaja polepole, kifua mbele, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Chimi. Hiki kitu chako kinafurahi kuliko sisi."

"Nipe muda kidogo, mzee."

"Tunakwenda kula. Tukirudi, ama ubao wako umejua kunyamaza, ama tunauzima na wewe unawapigia simu hao watu wako wa Perth."

Chimi na Tandin wakajibanza nyuma ya hema na kompyuta. Mtu aliwaletea wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini. Tandin akala, Chimi hakugusa.

"Ni waya," Tandin akasema mdomo umejaa. "Baridi ya usiku imeukaza."

"Waya haujui kuimba, Tandin."

"Basi ni nini? Wiki nzima tumeujaribu. Haujafanya hivi hata mara moja."

"Wiki nzima tulikuwa tunabonyeza nini?"

"Tatu. Mbili. Moja. Tatu tena."

"Na sifuri?"

Tandin akaacha kutafuna.

Hapo sasa. Wapiga upinde wa Paro ni watu wa ajabu. Usiku wa kuamkia mchezo hawalali nyumbani kwao, wanalala pamoja mbali na wake zao ili bahati isichafuke. Wanamwendea mnajimu awaambie waingie uwanjani kwa upande gani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Naomba tujaribu kuandika jina lako na sifuri mbele yake," hutasahau atakachokujibu. Siku ya kwanza ya majaribio Chimi aligusa tu kitufe cha sifuri, Tandin akamshika mkono. "Kwa jina langu? Kabla ya mwaka mpya? Si bora unichimbie kaburi moja kwa moja!" Na Chimi akaacha. Hakuacha kwa ajili ya Tandin peke yake, tuseme ukweli. Moyoni na yeye aliona sifuri ni kitu kisichofaa kuitwa kikiwa hakijaja. Shahada iko ukutani, lakini mtoto wa Paro ni mtoto wa Paro.

Kwa hiyo ubao ulikuwa haujawahi kuona mshale uliokosa, tangu uzaliwe.

Chimi akafungua programu, akashuka mpaka mahali penyewe. Palikuwa na sharti: kama alama zimezidi sifuri. Chini yake mistari mitatu, imesogezwa ndani kidogo, imepangika vizuri kabisa: jumlisha, washa taa, imba. Akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso mpaka Tandin akashtuka.

"Mjinga mimi! Sikuzifunga!"

"Hukufunga nini?" Ilikuwa sauti ya Mzee Gembo. Alikuwa amekuja na sahani yake mkononi, na nyuma yake wanaume kadhaa wa timu zote mbili, Nidup akiwamo, maana msiba wa mwenzio haukosi watazamaji. "Nieleze, na unieleze kwa lugha ya binadamu."

Chimi akavuta pumzi. "Mzee, humu ndani mna maneno ya aina mbili. Kuna neno linalokurudishia jibu mkononi. 'Mshale umepata ngapi?' Linakurudishia namba. 'Namba hiyo imezidi sifuri?' Linakurudishia ndiyo au hapana. Hilo tunaliita usemi. Halafu kuna kauli, hiyo ni amri. Washa taa. Imba. Haikurudishii chochote, inatenda, imekwisha."

"Mke wangu ni kauli tupu," akasema Nidup.

"Na wewe ndiye unayetenda," akajibu Tandin. "Nyamaza tusikie."

"Sasa hapa nina kauli tatu," Chimi akaendelea, "na zote nilitaka zisubiri lile jibu. Likija ndiyo, zitende zote. Likija hapana, zisitende hata moja. Ili zisubiri pamoja, lazima nizifunge ziwe fungu moja. Natia mabano mwanzo, natia mabano mwisho. Mimi sikutia. Nilizisogeza ndani tu."

Mzee Gembo akainama, akakodolea macho kioo cha kompyuta. "Mbona naona ziko ndani?"

"Kwa macho yangu na yako, ndiyo. Lugha niliyosomea chuoni, ukisogeza mistari ndani umekwisha kufunga, haihitaji zaidi. Mkono umezoea hivyo. Lakini lugha ya hiki kifaa haitazami mistari imesogea wapi. Isipoona mabano, inachukua kauli ile ya kwanza tu kuwa ndiyo inayosubiri. Zilizobaki inasema ziko nje, inazitenda liwalo na liwe."

"Kwa hiyo kujumlisha kunasubiri..."

"Ndiyo maana jumla haijakosea hata mara moja. Ila taa na wimbo havimsubiri mtu."

Mzee akatafuna kidogo. Ilionekana ameshika mkia, kichwa bado. Hapo Tandin akasimama, akajipigapiga kifua. Nyinyi mnalijua vazi la wanaume wa kule: kanzu pana, inapandishwa na kukazwa kiunoni kwa mkanda, na juu ya mkanda kifua kizima kinakuwa mfuko. Mwanamume anaweza kuhamia humo.

"Mzee, humu kifuani nimeweka nini?"

"Mali yako yote, nadhani."

"Na imekaa kwa sababu ya nini?"

"Si mkanda?"

Tandin akaufungua mkanda. Loo! Ikadondoka simu, kikombe cha mbao, kopo la tambuu, jibini kavu lililofungwa uzi, kitana, na soksi moja. Vitu vikabingirika mpaka miguuni kwa Nidup.

"Vazi ni lilelile, mzee, nimelivaa vilevile," Tandin akasema akiwa ameshikilia nguo yake kwa mikono miwili. "Lakini fungu hakuna."

"Soksi ya nini, Tandin?"

"Hiyo msiniulize."

Mzee Gembo akacheka mpaka wali ukamtoka mdomoni. "Jifunge, mpumbavu wewe, kuna mama zako hapa! Nimeelewa, nimeelewa. Binti, funga mkanda wa huo ubao wako."

Kutia mabano kulikuwa kazi ya kupepesa macho. Kazi ilikuwa kuyajaribu, maana ili ujue kama ubao umejifunza kunyamaza, lazima mwamuzi abonyeze sifuri, na mwamuzi habonyezi kitu mpaka jina la mpigaji liandikwe kwanza.

"Haya, jina la nani?" Chimi akauliza.

Ungedhani amemwaga maji ya moto. Wanaume wote wakarudi nyuma.

"Usinitazame mimi," akasema Mzee Gembo.

"Jina langu usiliguse kabisa," akasema Nidup.

"Wewe umekwisha kukosa, viazi ni mashahidi!" akadakia Tandin.

"Nilikosa kwa mkono wangu! Kukosa kwa hiari ni uchawi!"

Tandin akainamia mkanda wake kana kwamba hajawahi kuuona. Mchezo ulikuwa unangoja. Chimi akawatazama wote, wanaume wazima na pinde zao za bei mbaya, akaona hakuna atakayesaidia. Akaandika jina lake mwenyewe. Kule hakuna mwanamke anayepiga upinde na wanaume siku ya mwaka mpya, na jina la kike lilikuwa halijaonekana kwenye ubao wowote wa uwanja ule. Sasa lilikuwa linawaka pale juu, kila mtu analiona.

"Chimi!" Mama yake alitoka katika mstari wa waimbaji mbio. "Leo? Leo hii ya leo, na hiyo tiketi yako haijulikani iende irudi? Unajiitia mkosi mwenyewe?"

Chimi aliogopa, sitaficha. Nusu ya moyo wake ilimwambia mama anasema kweli. "Mama, hapa lazima mtu akose," akasema. Akampungia mkono mwamuzi.

Mwamuzi akabonyeza. Ubao ukaandika: CHIMI, 0.

Na ukanyamaza.

Akabonyeza tena. Kimya. Upepo ulisikika ukichezea bendera za sala. Chimi akaomba abonyeze tatu, na taa zikawaka, wimbo ukalipuka, watu wakapiga makofi uwanja mzima. Wanawake wa Juu hawakupoteza muda: papo hapo wakatunga wimbo wa binti aliyekosa shabaha bila upinde. Chimi akacheka na yeye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akala wali uliokwisha kupoa.

Mchana wote ubao ulikwenda kama ulivyotakiwa. Aliyepata aliimbiwa, aliyekosa alinyamaziwa, na ikawa wapigaji wanageuza shingo kuutazama ubao kwanza, ndipo wanatazama upande wa pili. Timu zilifuatana kwa karibu. Saa kumi na nusu ikapita. Simu ya Chimi ikatetemeka: wakala. Hakupokea. Timu ya Chini ilibakiza alama moja tu ishinde, na anayepiga alikuwa Mzee Gembo mwenyewe, naye mtu wa Chini.

Mzee akavuta, akatulia, akaachia. Mshale ukaenda vizuri, ukapotea kwenye mwanga wa jua la jioni. Upande wa pili watu wa Chini wakakimbilia shabaha, mwamuzi naye akainama na kipimo chake. Na kabla hajainuka, wale watu wa Chini wakaanza kucheza! Waliinua miguu, wakashikana mabega, wakaimba jina la mwenyekiti.

Ubao ukanyamaza.

Mzee Gembo alikuwa amekwisha kushika kitambaa chake. Akautazama ubao. Akawatazama wachezaji. Akautazama ubao tena.

"Umekufa huo!" mtu akapiga kelele. "Umeharibika tena!"

"Mzee amepata, hamuoni wanavyocheza? Zimeni hilo debe!"

Mzee akanyoosha mkono, kelele zikakatika. Akamwita Chimi mbele ya watu wote. "Binti. Ubao umeharibika, au mimi nimekosa?"

Chimi akatazama kompyuta. Sifuri ilikuwa imefika. Sharti limeulizwa, jibu limerudi hapana, fungu zima limerukwa, hakuna taa, hakuna wimbo. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Lakini kusema "umeharibika, mzee" kungekuwa rahisi ajabu: mzee angevaa kitambaa chake, Chini wangeshinda, mwenyekiti angebaki na furaha yake. Ila huo ubao ungekuwa umewatia aibu mara ya pili. Na kusema ukweli ni kumwambia mtu aliyeshika riziki yako, mbele ya bonde zima, siku ya mwaka mpya, neno ambalo hakuna mtu amewahi kumwambia. Tandin alikuwa amefumba macho.

"Mzee," Chimi akasema, na sauti ikamtoka ndogo, "umekosa."

Mzee Gembo akaanza kutembea. Alitembea uwanja wote mpaka kwenye shabaha, na watu wakimfuata kwa nyuma, Chimi miongoni mwao. Wale waliokuwa wakicheza wakaacha mmoja mmoja. Mshale ulikuwa umesimama ardhini, umepitiliza kipimo kwa upana wa vidole vitatu. Mwamuzi alikuwa kando amekishika kifaa chake kifuani.

"Mlikuwa mnacheza nini?" mzee akawauliza watu wake.

Wakatazamana. Mmoja akajikuna shingo. "Si... mzee, tuliona uko karibu."

"Na mwaka jana? Ule mshale wa mwisho, mlionichezea mpaka jioni?"

Mmoja akainama, akaanza kukung'uta majani miguuni.

"Na mwaka juzi?"

"Ule wa mwaka juzi ulipata kweli," akasema mmoja haraka. "Ule mmoja."

Mzee Gembo akakaa chini, palepale kwenye majani. Mabega yakaanza kumtikisika, na Chimi akadhani analia. Kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamwaga machozi. "Jamani! Miaka yote hii najiona mpiga upinde, kumbe nilikuwa mwenyekiti tu!"

Uwanja mzima ukacheka naye, Juu na Chini. Mchezo haukuwa umekwisha, na mshale uliofuata Nidup akapiga katikati kabisa, ubao ukaimba mpaka milima ikaitika, Juu wakashinda. Hata hilo halikumharibia mzee furaha. Alimshika Chimi mkono, akamgeuza kwa watu wa kamati.

"Huyu anaanza kazi kesho. Uwanja wa kwanza ni wangu, wa nyumbani. Na huko msinichezee tena, mmesikia? Nataka nijue."

Simu ikatetemeka tena. Chimi akapokea. Wakala alikuwa na haraka zake: kiti, anathibitisha au hathibitishi?

"Mpe mwingine," Chimi akasema. "Mimi siendi."

Akageuka, mama yake yuko nyuma yake, ameshika mdomo. Miezi yote ile mama alikuwa akiwasifia majirani habari za Perth, akisema binti yake ana bahati, na hakuwahi kusema hata neno moja la kumzuia. Sasa machozi yalikuwa yakimshuka bila kuyafuta, akamvuta Chimi kwa mkono kuelekea kwa wanawake.

"Rudia," akasema. "Rudia kwa sauti, mama zako wadogo hawajasikia."